Terasi ya Mbao kwa Maman Constance

Modeste Akonkwa alijenga terasi kumi na moja za mbao katika mtaa wa Muhumba, zote zikitazama ziwa. Alipofika umri wa miaka hamsini na minane, moja tu ilikuwa imebaki. Zile kumi ziling'olewa moja baada ya nyingine na mahali pake pakawekwa karo, vigae vya sakafu. Ya kumi ilikuwa ya kwetu. Nasema hivyo mapema, ili mtu asidhani nimeketi hapa kuwahukumu majirani.

Kazi ya mbao alijifunza bandarini akiwa kijana, kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza mashua. Huko aliona mbao ngumu ya muvula, ambayo shoka lenyewe linaiogopa, ikilainika kama mkate kwa sababu ya ufa mdogo ambao mtu alisahau kuuziba. Baadaye mashirika ya misaada yalipopanga nyumba za kando ya ziwa, wapangaji wakataka sakafu za nje za kukalia jioni. Modeste akawajengea: mbao juu ya nguzo fupi, kati ya mbao na mbao nafasi ya upana wa kidole kidogo, maji ya mvua yapite na upepo upite. Kila kiangazi alirudi kuzisugua, kuzipiga msasa na kuzinywesha mafuta. Mashirika yalipohama, wenye nyumba walirudi, na wenye nyumba hawakuwa na mapenzi hayo. Kwao mbao ilikuwa kitu cha kijijini. Karo ndiyo ilionyesha kwamba mtu amefika.

Ya kumi na moja ilikuwa kwa Maman Constance, jirani yetu wa chini, mjane, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa shule ya msingi na ambaye hadi leo huongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa darasani. Mwezi wa saba mwaka jana Modeste alipanda moto, pikipiki ya abiria, kutoka Kasha, akashuka na ndoo yake na burashi zake, akabisha kwenye lango.

“Maman, huu njo wakati. Jua iko, mbao ilishakauka. Unipe siku kumi tu.”

“Modeste, uko na haraka sawa mutu mwenye anakimbiza kuku. Mbao itaenda wapi? Tutaangalia.”

Akarudi Kasha na ndoo yake. Mwezi wa nane alibisha tena, akaambiwa tena kwamba wataangalia. Mwezi wa tisa mvua ilianza. Mwezi wa kumi, siku ya Jumapili baada ya misa, yeye ndiye aliyeitwa.

“Sikia, Papa Modeste,” alisema Maman Constance, amesimama juu ya terasi yenyewe, akiigonga kwa kisigino. “Samedi famille ya Gentil inaleta dot, mahari ya mutoto wangu Elodie. Batu makumi sita. Jean-Claude wa makaro alishapima, Lundi anaweza kuanza. Lakini marehemu bwana yangu alipenda apa mahali, njo maana ninakupatia hii wiki. Kama Samedi bageni banapokelewa apa bila kuniletea haya, mbao inabaki. Kama hapana, Lundi inatoka.” Yaani Jumamosi wageni, na Jumatatu ya baada yake nyundo.

“Wiki moja, maman? Mu mwezi wa kumi?”

“Wiki moja.”

“Mwezi wa saba nilikuja.”

“Mwezi wa saba Elodie hakukuwa na bwana.”

Modeste alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mbao. Ilikuwa ya kijivu, na upande wa kivuli ilikuwa imeota kuvu ya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Mwaka uliotangulia Maman Constance alimruhusu mpaka rangi mmoja apake vernis, vanishi ya kung'arisha, juu yake. Jua likaipasua, maji yakaingia chini ya nyufa na kukaa huko. Sasa ilikuwa ikibanduka vipande vipande, kama ngozi ya mtu aliyeungua. Modeste alikuwa ameikataa vernis hiyo, lakini kwa namna yake ya kukataa: alisema “haifai” mara moja, akanyamaza. Aliamini kwamba mtu akitazama kazi nzuri ataielewa. Ni imani niliyoiona kwa watu wengi wenye mikono mizuri, na sijui hata mmoja ambaye imemsaidia.

Jumatatu aliikwangua vernis yote. Alianza alfajiri, akatumia vipande vya kioo pale ambapo kisu kilikuwa kinauma mbao. Alibadilisha mbao mbili zilizooza karibu na bomba la maji ya paa. Mchana alisugua kwa burashi na maji ya sabuni kidogo, akifuata mistari ya mbao, kamwe si kinyume chake, na rangi ya muvula ikaanza kutokea chini ya kijivu, kahawia yenye dhahabu kidogo. Nilimwona kutoka dirishani kwangu akirudi nyuma hatua mbili kuitazama. Hakutabasamu. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakija kutoka upande wa kisiwa cha Idjwi.

Jumanne ilinyesha kuanzia saa nane. Aliifunika terasi kwa turubai mbili; upepo wa ziwa ukaingia chini na kuzivimbisha, akakimbia huku na huko akiwekelea mawe. Jiwe likikaa kona hii, kona ile inainuka. Mwishowe alijilaza juu ya turubai, mikono na miguu imetanuka, mtu wa miaka hamsini na minane, mpaka mvua ilipokwisha. Jumatano jua lilitoka, akafunua. Alasiri akafunika. Alhamisi asubuhi akafunua tena, akadondosha matone ya maji kwenye mbao kadhaa, akakaa akingojea kuona kama mbao inayanywa.

Nyumba ilikuwa imeshaanza kujaa ndugu. Tantine Gloire, dada mdogo wa Maman Constance, alikuwa amefika kutoka Uvira kusimamia mapishi, na mdomo wake ulifika kabla ya mizigo yake.

“Modeste! Hiyo mbao iko karibu kuzaa? Kila saa unainama kuichungulia sawa accoucheuse.”

“Bado, tantine. Uchungu ilishaanza.”

“Basi kama ni mapacha utuambie, tuongeze chakula.”

Wote wakacheka, na yeye pia. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka wiki hiyo. Mchana matone yalizama sawasawa, akaanza kupaka. Mafuta ya lin, ya mbegu za kitani, yaliyochemshwa, yamechanganywa na terebentini ya kuyafanya mepesi: kitambaa mkononi, mbao moja baada ya nyingine, na baada ya nusu saa anarudi kufuta yote ambayo mbao haikuyanywa. Kufuta huku ndiko watu wasikokuelewa. Mafuta yakibaki juu yanang'aa siku mbili, kisha yananata na kukusanya vumbi. Yakifutwa, mbao inabaki tulivu, haiangazi, lakini maji hayaingii. Saa kumi na moja alikuwa amemaliza. Alifunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akaweka kiti kwenye mlango wa saluni, yaani sebule.

“Asipite mutu mpaka Samedi saa sita,” alimwambia Maman Constance.

“Na Samedi itang'aa?”

“Itakuwa muzuri, maman.”

Hakusema kwamba haitang'aa. Hilo ndilo kosa alilolifanya yeye, na nimelifikiria sana.

Ijumaa, Maombi, mke wake, alikuja kusaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, na kupasua samaki. Ni mwanamke mfupi, mwenye mikono ya haraka, ambaye nyumba yake ya Kasha ina sakafu ya saruji nyekundu. Kila Jumamosi huiosha kwa maji na sabuni ya unga, kisha huipaka nta nyekundu ya kopo na kuisugua kwa kipande cha blanketi mpaka mtu aone uso wake humo. Karibu kila mwanamke wa Bagira, upande huo wa mji, hufanya hivyo. Mgeni akiingia na kuona sakafu haina mng'ao, hasemi kitu, lakini jina la mwenye nyumba linashuka papo hapo.

Wanawake walikuwa wameketi nyuma ya jiko, na kutoka pale terasi ilionekana.

“Maombi,” alisema mmoja wao, “bwana yako alifanya nini siku ine? Ile chini iko sawa iko na vumbi.”

“Acha Papa wa batu,” akasema Tantine Gloire. “Alipaka mafuta, kisha akapangusa mafuta. Hata miye mu sufuria yangu sijafika apo.”

Maombi ndiye aliyenieleza haya baadaye. Alicheka nao, alisema, lakini macho yake yalibaki kwenye mbao zile, na kweli alizikuta hafifu, zimefifia, kama sakafu ya mtu mvivu. Alijua kuhusu Jumatatu na Jean-Claude. Alijua kwamba terasi hii ikitoka hakutakuwa na nyingine, na kwamba mume wake atabaki na burashi zake ndani ya ndoo. Jioni Modeste alirudi Kasha. Maombi akabaki kulala pale na wapishi wengine.

Jumamosi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya ng'ambo, aliiondoa ile kamba. Aliiosha terasi yote kwa maji na sabuni ya unga. Alipangusa. Kisha akafungua makopo mawili ya nta nyekundu, yaliyokuwa yamenunuliwa kwa ajili ya veranda ya mbele, akapiga magoti, akaanza kusugua.

Modeste alifika saa moja. Niliona moto ikisimama langoni, nikamwona akizunguka nyumba, kisha akasimama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona. Terasi ilikuwa nyekundu. Iling'aa kama meza ya kanisa. Katika nafasi za kati ya mbao nta ilikuwa imejaa, hata maji hayangepata pa kupita. Maombi alikuwa akimalizia ubao wa mwisho, nywele zimefungwa kitambaa, magoti yake mekundu.

“Umefanya nini?” Modeste aliuliza kwa sauti ndogo.

“Angalia! Sasa nani atakucheka?”

“Maombi. Mafuta haikukauka. Nta imeingia ndani ya mafuta.”

“Si itazidi kushika?”

Modeste alichukua chupa ya terebentini na kitambaa, akainama, akaanza kufuta pembeni. Nyekundu ilitawanyika tu, ikawa waridi. Hapo mlango wa saluni ukafunguka, na Maman Constance akatoka akiwa bado na kanga ya kulalia.

“Ah! Ah! Modeste!” Alipiga makofi. “Kumbe ulikuwa unatuficha! Gloire, kuya uone! Sasa hii njo terase!” Tantine Gloire alikuja, akaangalia, akakubali kwamba alikuwa amesema vibaya. Maman Constance akaendelea: “Papa Modeste, mbao inabaki. Nitamuambia Jean-Claude aende kutafuta kwingine. Na kila Samedi batapaka hivi hivi.”

Modeste alikuwa bado amepiga magoti, kitambaa mkononi. Alikuwa ameipata terasi yake. Maombi alimtazama, uso wake umefunguka kwa furaha, na wanawake wengine walikuwa mlangoni. Akafunga chupa.

“Asanti, maman,” alisema.

Asubuhi hiyo yote alikaa kwenye ngazi ya bustani na hakula. Alijua kitakachotokea: nta ingezuia mbao kupumua, maji yangekaa chini yake, na katika misimu miwili ya mvua muvula ile ingekuwa kama mbao za mashua aliyoiona bandarini. Angeweza kurudi Jumatatu na kueleza taratibu. Angeweza kukwangua yote polepole. Nadhani alikuwa akijifunza maneno hayo, pale kwenye ngazi, maana midomo yake ilikuwa ikicheza.

Mvua haikumngoja. Saa saba na nusu ilishuka kwa dakika ishirini, nzito, kisha jua likatoka tena, na akina mama wakapangusa viti na kusema ni baraka. Wageni walifika saa nane: wazee wa familia ya Gentil wenye kofia, shangazi waliovaa sare ya pagne, vitenge vya bluu, madumu ya kasiksi, pombe ya ndizi, mbuzi wawili waliolalamika. Waliketishwa bustanini chini ya hema, wakitazama terasi. Desturi ilikuwa hivi: wasichana wanne watatoka saluni, wamefunikwa pagne kuanzia kichwani, watavuka terasi mpaka kwenye ngazi, na upande wa Gentil, bwana harusi, utaambiwa umtambue wake. Elodie angekuwa wa tatu, katika viatu virefu vyenye kisigino kama penseli, haoni kitu mbele yake. Chini ya ngazi palikuwa na mawe makubwa ya ziwa ambayo marehemu alikuwa ameyapanga kuzunguka maua.

Msemaji wa familia alikuwa ameshaanza mizaha yake. “Tulisikia apa kuna ua,” alisema. “Tumekuja kuchuma, hatukuje kunusa!” Watu wakacheka. Mlango wa saluni ukafunguka nusu. Mwanamke aliyetangulia, akiimba na kupunga kitambaa, alitoa mguu mmoja nje. Mguu ukateleza mpaka mbali, akashika fremu ya mlango, akacheka, akajaribu tena.

Modeste aliinuka. Aliweka mguu wake mwenyewe kwenye ubao wa kwanza, akausukuma, na ukaenda kama juu ya sabuni. Akapanda, akavuka kwa kuburuta miguu, mikono imetanuka, mbele ya watu sitini, akasimama mlangoni na kuuziba.

“Musitoke.”

“Modeste, unafanya nini?” Maman Constance alikuja mbio kutoka kwenye hema, akakanyaga ubao, akateleza, akamshika msemaji aliyekuwa karibu na ngazi ili asianguke. “Unanifanyia nini mbele ya bakwe?”

“Inateleza, maman. Batoto bamefunikwa, habaone. Baanguke ku mawe?”

“Wiki muzima! Nilikupatia wiki muzima!”

“Ndiyo, maman.”

“Asubuhi ulisema asanti! Nani aliweka hii kitu?”

Tantine Gloire, nyuma ya dada yake, alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea jikoni, ambako Maombi alisimama na sahani mkononi.

“Ni miye,” alisema Modeste. “Nilitaka ing'are.”

Sherehe ilihamishiwa saluni. Watu sitini mahali pa watu ishirini na tano. Wengine walisikiliza mahari ya Elodie madirishani. Wazee walipopita kwenye terasi mmoja mmoja, wakishikana mikono kama vipofu, viatu vyao vilibeba nta, na kwenye karo nyeupe za saluni zikabaki nyayo nyekundu mpaka kwenye makochi. Mjomba wa Gentil alisema kwamba hajawahi kuona nyumba inayowaandikia wageni njia ya kurudi. Alisema kwa wema. Maman Constance hakucheka.

Njiani kurudi, Modeste na mke wake walishuka kwenye moto kabla ya Kasha na kutembea, maana Maombi alikuwa akilia na aliona aibu mbele ya motar, dereva wa pikipiki.

“Ungesema ni miye.”

“Ingesaidia nini?”

“Banakuita sasa fundi wa kutelezesha. Nilisikia.” Alijifuta. “Nilitaka kukusaidia.”

“Miaka makumi mbili na sita uko na miye,” alisema Modeste, na sasa hasira ilipanda kweli, mpaka akasimama katikati ya barabara. “Hujaniuliza hata siku moja kazi yangu inafanywa namna gani!”

“Na weye ulishaniambia siku gani?”

Walitembea mpaka nyumbani, yeye mbele, na mke wake nyuma hatua sita.

Jumatatu Jean-Claude alileta mchanga na saruji, na nyundo ya kung'olea. Maman Constance, bila ukali tena, alisema Modeste anaweza kuondoa mbao zake kama anazitaka. Ua wa Modeste huko Kasha una upana wa hatua tatu. Angeweza kubeba sita, labda nane. Zingine Jean-Claude alizihitaji kwa ajili ya kushikilia zege.

“Papa, tupige tu na barre ya chuma,” alisema Jean-Claude. “Saa moja tunamaliza. Ni mbao ya coffrage sasa.”

“Hapana. Nitafungua.”

“Vis mia tatu?”

“Mia tatu na makumi ine.”

Akapiga magoti na kuanza na skrubu za ubao wa kwanza. Jean-Claude alilaani, akaenda kukaa juu ya mifuko ya saruji, akapiga simu kadhaa kwa sauti ili zisikike. Karibu na saa tano nilishuka na chai, kwa kuwa sikuweza kuendelea kutazama kutoka juu. Mbao zilizofunguliwa alikuwa amezigeuza kifudifudi na kuzipanga ukutani. Chini zilikuwa nzima. Nzima kabisa, safi, rangi ya asali iliyokolea. Alizigonga kwa kifundo cha kidole mbele yangu, moja, mbili, tatu, na zikalia kavu. Mimi nikakumbuka zetu, ambazo nyundo ilizipasua katika asubuhi moja nikiwa kazini.

Maombi alikuja saa sita na chakula kwenye sufuria. Aliweka chini. Akachukua bisibisi ya pili kutoka kwenye ndoo, akapiga magoti upande wa pili wa ubao, akaingiza ncha kwenye skrubu na kuzungusha kwa nguvu. Kichwa cha skrubu kilikatika meno papo hapo, kikabaki laini, kimezama ndani ya ubao.

Modeste aliinua kichwa. Nilimwona akivuta pumzi ya kupiga kelele. Jean-Claude pia aliona, maana aliacha simu. Pumzi hiyo aliishikilia muda mrefu, kisha akasogea kwa magoti mpaka upande wa mke wake, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Maombi kwenye mpini.

“Usizungushe kwanza,” alisema, kwa sauti ambayo bado ilikuwa na hasira. “Sukuma. Sukuma na uzito yako yote mpaka usikie imekamata. Kisha njo unazungusha, polepole. Na usikamate hii ingine mpaka nikuambie kwa nini.”

Akaanza kumwambia.